Vibali vya Samaki wa Magadi

Wakazi wote wa Nakuru mnatangaziwa, kwa heshima na taadhima, kwamba vita dhidi ya mbu tumekwisha kuvishinda. Kilichobaki ni kuvipigana.

Serikali imeamua kuleta samaki wadogo kutoka Ziwa Magadi, wenye urefu wa kidole, madume yaking'aa buluu kama wanaokwenda harusini, waje wale viluwiluwi vya mbu ziwani kwetu. Kwa kuwa katika Hali hii ya Hatari hakuna anayevuka wilaya bila kibali, Bwana Pinkney, Mkuu wa Idara ya Samaki Wahamiaji, aliona ni upendeleo kuwaacha samaki watembee ovyo. Akaandika vibali mia mbili. Alama ya kidole gumba ilizua mkutano wa siku tatu, hatimaye pezi likakubaliwa.

Omolo, dereva wa lori, aliwaleta kwa madebe, akatia sahihi: samaki mia mbili, abiria mwingine hakuna. Ufukweni, Bwana Pinkney akawahesabu mwenyewe kwa kijiko cha supu. Wa mia na tisini alikuwa jike. Akafungua mdomo, wakamwagika vitoto thelathini.

"Hii nini?"

"Watoto wake, Bwana. Samaki huyu hulelea mdomoni."

"Kibali yao iko wapi?"

"Walikuwa mdomoni, Bwana. Nani angewauliza?"

"Wewe naficha abiria! Kazi kwisha! Kesho narudi kwenu Kisumu!"

Adero, mke wa Omolo, alikuwa amejifungua juma lililopita. Bila kazi hakuna kibali, na bila kibali wote watatu wangepakiwa kwenye treni, kitovu cha mtoto hakijakauka.

Ili kuziba mianya yote, Bwana Pinkney akaandika amri juu ya boneti ya lori: *Yeyote aliye ufukweni, mwenye mapezi au asiye nayo, ambaye hakuzaliwa Nakuru wala hana kibali mkononi, akamatwe mara moja bila kusikilizwa.* Akaigonga muhuri, akamkabidhi askari Kipsang, ambaye hajapata kutania akiwa kazini.

Kipsang akaisoma mara mbili, akawainamia vitoto.

"Nyinyi mmezaliwa wapi?"

"Wametoka mdomoni hapa hapa, Afande," Omolo akawajibia. "Umeona mwenyewe."

"Basi ni wenyeji." Akawamwaga ziwani. "Na wewe?"

Omolo akatoa kibali chake. Kilikuwa hai hadi kesho.

"Pita." Akamgeukia Bwana Pinkney. "Effendi amezaliwa wapi?"

"Mimi? Brighton!"

"Iko upande wa Rongai?"

"Pumbavu! Mimi ndiyo naandika kibali!"

"Sawa, Effendi. Kiko mkononi?"

Mkononi kulikuwa na kijiko.

"Kipsang, sikiliza wewe—"

"Amri inasema nisisikilize, Effendi." Pingu zikalia. Lakini Kipsang ni mtu wa haki, na kanuni za polisi anazijua kwa moyo. "Kama yuko mtu mwenye kazi mjini anayemjua mahabusu huyu, anaweza kumdhamini."

Ufukweni hapakuwa na mwingine ila Omolo. Akamtazama Bwana Pinkney kwa makini, kuanzia kofia hadi viatu.

"Sura si ngeni, Afande. Anafanana sana na bosi wangu. Lakini mimi sina bosi. Nimefutwa."

Mbu mmoja akatua shingoni mwa Idara nzima, akanywa bila haraka, kwa kuwa mikono ilikuwa imefungwa.

"Ndugu Omolo," akasema Bwana Pinkney, kwa Kiswahili sanifu, mara ya kwanza tangu aingie nchini, "hukufutwa kazi. Tafadhali nidhamini."