Nungunungu wa Mashariki ya Mto Save

Idara ya Uainishaji wa Wanyama, Tawi la Mto Save, inawatangazia wananchi wote kwamba kuanzia Jumatatu iliyopita nungunungu si mnyama mmoja tena. Ni wawili. Walioko mashariki ya mto ni aina mpya. Wa magharibi wanaendelea kuwa kama walivyokuwa, na wanaombwa watulie.

Tangazo hilo niliandika mimi, Karani wa Vipimo. Vipimo navyo ni vyangu. Nilichukua miiba sita kutoka kila ng'ambo, nikaipima kwa rula ya shule. Mara ya kwanza ililingana. Mkurugenzi wetu, Bwana Chinembiri, akaagiza uchunguzi uendelee. Mara ya nne tofauti ikapatikana: milimita mbili. Sayansi inataka subira.

Wenye roho mbaya walisema Mkurugenzi alitaka nyama. Ni kweli kwamba yeye ni wa ukoo wa Nungu, na nungunungu ndiye mwiko wao: ukimla, meno yanadondoka. Ni kweli pia kwamba kila harufu ya nungunungu wa kuchoma ilipopita ofisini, yeye alifunga dirisha na kumeza mate. Lakini asili yake ni magharibi. Jumamosi, kwenye sherehe ya kuzindua aina mpya, aliletewa nungunungu wa mashariki kwa sadza, ugali wa kwetu. Akala mbele ya wazee wote. Akaomba paja la pili.

"Huyu si ndugu yangu," alisema, akilamba kidole gumba. "Ni jirani tu."

Nikaiandika kauli hiyo kwenye kumbukumbu.

Jumapili asubuhi dereva wetu, Togarepi, alinigongea mlango. Kwa miaka mitatu amempenda Fungisai, binti wa Mkurugenzi, na Fungisai amempenda yeye. Mara mbili alituma mshenga, na mara mbili jibu lilikuwa lile lile: wote ni wa Nungu, kwa hiyo ni kaka na dada, na ndoa ya namna hiyo ni aibu. Udereva haukutajwa. Sasa kulikuwa na mhandisi wa Mutare, wa ukoo mwingine, aliyetarajiwa kuja kuposa mwisho wa mwezi.

"Mzee wa rula," akasema Togarepi, "kwetu ni wapi?"

"Chipinge."

"Chipinge iko ng'ambo gani ya mto?"

Nikaenda kutazama ramani, maana sipendi kubahatisha. "Mashariki."

"Basi vaa koti. Wewe ndiye mshenga wangu."

Mshenga kwetu hufukuzwa kidogo kabla ya kusikilizwa. Ni heshima yake. Nyumbani kwake Mkurugenzi alinifukuza kwa fimbo, kisha kwa mbwa. Kwa gari hakuweza, kwa kuwa gari lilikuwa nje ya geti na dereva alikuwa ndani yake, akinisubiri. Nilipokuwa naanza kuizunguka nyumba mara ya tatu, dada yake mkubwa, Shangazi Ednah, akatoka jikoni. Katika mambo ya ndoa, shangazi akisema, wanaume hukaa.

"Mwacheni mtu aseme kilichomleta."

Nikasoma tangazo. Aina mbili, koo mbili, udugu hakuna.

"Upuuzi!" akafoka Mkurugenzi. "Milimita mbili? Kesho naifuta hiyo aina. Nungunungu ni nungunungu!"

Fungisai alikuwa mlangoni, kitambaa cha vyombo mkononi.

"Vizuri, mdogo wangu," akasema Shangazi, akivuta kiti. "Basi yule wa jana alikuwa nani?"

"Wa jana yupi?"

"Uliyemla. Wakiwa mmoja, umemla ndugu yako. Na paja ukaongezewa. Hebu fungua mdomo tuhesabu meno."

"Dada, tafadhali, kuna wageni."

"Wakiwa wawili, umemla ndugu wa mkweo. Huyo tutamwomba radhi, yaishe. Ila kama ni wako, tumwombe radhi nani? Daktari wa meno?"

Mkurugenzi alipitisha ulimi kwenye magego, upande huu, halafu upande wa pili. Nilingoja. Uamuzi wa kitaalamu hauharakishwi.

"Aina ni mbili," akasema hatimaye, kwa sauti ndogo.

Fungisai alipiga kigelegele, mbwa wakakimbilia nyuma ya nyumba. Togarepi akaitwa kutoka garini. Mkurugenzi akachuchumaa kama desturi inavyotaka, akakunja viganja, akampigia dereva wake makofi ya taratibu.

"Nisamehe, Nungu wa Mashariki. Nilimla mtu wenu."

"Haidhuru, baba mkwe," akasema Togarepi. "Alikuwa mtamu?"

Mkurugenzi akaendelea kupiga makofi. Jibu, hata hivyo, limo kwenye kumbukumbu za Jumamosi: paja la pili.