Ombi la Kuuza Mtamba ili Baba Sabina Auone Mpira Mapema

Karatu Mjini,
Jumamosi, mvua inanyesha.

Kwa Shemeji Josephati,
Msimamizi wa Mifugo ya Familia,
Buger.

YAH: KUUZWA KWA MTAMBA WA SABINA NA KUNUNULIWA KWA KIOO CHENYE KASI

Mheshimiwa shemeji, shikamoo. Nakuandikia kwa heshima zote, kalamu mkono wa kulia na mtoto mkono wa kushoto, kwa hiyo mwandiko ukipinda ujue ni Sabina anavuta karatasi. Sisi hatujambo, ila usingizi ndio hatuna.

Najua hakuna mnyama anayetoka kwenye zizi hilo bila neno lako. Najua pia kwamba yule mtamba mwenye baka jeupe kwenye paji ulimtoa wewe mwenyewe siku ya ubatizo wa Sabina, ukasema mbele ya watu, "Huyu akizaa, mtoto atakunywa maziwa ya kwao." Sasa mtamba ana mimba kubwa. Mdogo wako, mume wangu Remigius, anaomba auzwe kabla hajazaa ili anunue kioo cha kompyuta, kile wanachokiita monita, kwa ajili ya mashindano ya gemu. Anaona haya kukwambia. Nimekubali kumwombea, na sababu zangu ni hizi.

1. Kioo tulichonacho ni kivivu. Remigius ananieleza habari zake wiki ya tatu sasa, asubuhi kwenye chai na jioni kwenye makande, nami nitakueleza kwa lugha ya zizi ili tusipotezane. Kioo cha kompyuta hubadilisha picha mara nyingi ndani ya sekunde moja, na kila mara moja huitwa hezi. Chetu kina hezi sitini. Wacheza mashindano wana za mia na arobaini na nne, na wenye uwezo wana mia mbili na arobaini. Kwa hiyo mpinzani akipiga mpira, sisi tunauona umeshapita, na nyuma yake kuna kivuli kinachoufuata kama ndama anavyomfuata mama yake. Remigius humkaba ndama. Mama anaingia golini.

2. Uvivu huo unamwamsha mtoto. Wewe unajua kazi ya udereva wa watalii: mvua zikianza wageni wa kreta wanapungua, gari la kampuni linapaki, na baba anashinda nyumbani. Rafiki yake Meitamei, mpishi wa kambi, naye amerudishwa mpaka wageni waje, basi kila siku wanakaa wawili mbele ya kompyuta wanacheza mpira. Nikishamlaza tu Sabina, na mimi nikaegesha mgongo, Meitamei anafunga. Mume wangu anapiga yowe la mtu aliyekuta fisi zizini. Mtoto anaruka, analia, na jirani anakuja mlangoni na khanga kichwani kuuliza nani amefariki. Hapo utaona kwamba jambo hili si la mchezo. Ni la afya ya mama na mtoto, na ningependa lisomwe hivyo kwenye kikao cha familia.

3. Utauliza, mbona Meitamei anatazama kioo hichohicho na anafunga? Nami niliuliza. Remigius alinifafanulia kwamba Meitamei hukaa upande wa kushoto, ambako picha hufika mapema. Nikawaambia wabadilishane viti. Wakabadilishana. Meitamei akafunga tena, na ikabainika kwamba siku hiyo picha ilikuwa imehamia kulia. Kioo kisicho na msimamo namna hiyo si cha kuwekwa kwenye nyumba ya Wakristo.

4. La nne limenitoka, mtoto ameamka. Likinirudia nitaliandika pembeni.

5. Heshima ya ukoo. Mwezi uliopita Remigius alikwenda kwenye mashindano Arusha. Nilimpigia jezi pasi, nikamfungia viazi vya njiani. Alitolewa mechi ya kwanza, viazi havijapoa. Huko vioo vyao vina kasi kubwa, na yeye anasema jicho lililolelewa kwenye kioo cha polepole haliwezi kustahimili. Kwa hiyo nyumbani anafungwa kwa sababu kioo ni kizito, na Arusha anafungwa kwa sababu kioo ni chepesi. Shemeji, unaona mwenyewe anavyoonewa pande zote mbili. Na Meitamei hamwachi apumue. "Kaka, kwetu hata mtoto anayechunga mbuzi anajua kuziba njia!" Remigius anamjibu, "Subiri kioo kije, utalia Kimasai." Meitamei anasema hicho kioo kikija atakisalimia kwa bao.

Najua hapa utasema mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Wewe unazilima, huwezi kukosa kusema. Lakini kumbuka mwaka juzi jua lilikuwa kali kweli, na mbaazi zako zilikuwa na haki.

6. Kuhusu uchaguzi wenyewe usiwe na wasiwasi, umefanywa kwa makini. Kuna vioo vya inchi ishirini na nne na vya ishirini na saba. Kuna bapa, na kuna vilivyopinda kama pembe. Kuna aina yenye kasi sana lakini rangi zake zimepauka, na ukikaa pembeni huoni kitu. Kuna yenye rangi nzuri, na kuna yenye weusi uliokolea lakini inaburuza kivuli. Ni kama ng'ombe tu: wa maziwa mengi hana nyama. Ila wewe uliponunua lile dume mnadani, ulilitazama meno, ukalitembeza, ukauliza mama yake anakamuliwaje, ukamaliza kabla nyama uliyoagiza haijaiva. Mdogo wako hajakiona chake kwa macho. Amekichagua kwenye simu, na tayari amekipa mahali pa kukaa, juu ya meza ninayombadilishia mtoto nepi. Nimekubali. Sabina atabadilishiwa chini, nyuma ya kioo, ambako baba yake anasema ni salama kwa sababu mpira haufiki.

7. Hili ndilo kubwa. Fundi wa kompyuta, Tobiko, ametuambia kwamba hata tukinunua kioo cha hezi mia mbili na arobaini, kompyuta yetu haina nguvu ya kutoa picha nyingi hivyo. Inataka kadi mpya ya picha. Kadi inataka umeme usioyumba, na wa kwetu unajua mwenyewe mvua ikinyesha. Remigius anasema tuanze na kioo, kadi itafuata, kama mtu anayenunua tandiko kwanza halafu ndiyo amtafute punda. Kwa hiyo, shemeji, naomba unitajie mapema ng'ombe wa kadi ni yupi, na wa kutuliza umeme ni yupi. Lile dume libaki mwisho kwa ajili ya kiti, maana wachezaji wanakalia kiti chenye mto wa shingo. Zizi likishakwisha usihuzunike. Utapata nafasi ya kuja Karatu kumtazama mdogo wako akiuona mpira mapema.

Nisikufiche, sina kinyongo na mume wangu. Humwogesha mtoto bila kuambiwa, na akicheka hata jirani anacheka. Tangu mvua zianze hajacheka. Ndiyo maana nataka ashinde japo mara moja, acheke, nasi tulale. Kama ni lazima Sabina anywe uji mtupu kwa ajili hiyo, basi uamuzi ni wako, mimi nimeleta tu.

Msalimie mama mkwe, mke wako dada Eva, watoto wote na majirani wa bondeni. Msalimie na mtamba, ila usimwambie kitu.

Ni mimi, katika heshima na kusinzia,
Cresensia, Mama Sabina.

N.B. Barua nilikuwa nimeshaikunja. Remigius ametoka kwenda kwa Tobiko kuuliza habari za waya, Meitamei akaja akamkosa. Akaniomba nishike padi ya kuchezea japo mechi moja, "vidole visishike kutu, shemeji." Nikamwambia sijui. Akasema kitufe hiki cha pasi, hiki cha kupiga, basi. Nimemfunga matatu kwa moja. Kioo ni hichohicho cha hezi sitini, Sabina yuko mgongoni na hakuamka, kwa kuwa mimi nikifunga sipigi yowe. Mpira nimeuona vizuri tu.

Kwa hiyo yote ya juu yafute, pamoja na lile la nne. Mtamba asitoke zizini, azae. Meitamei ameapa kunyamaza mradi nimpe marudiano. Na wewe, Remigius akikupigia simu, mwambie umekataa, kwa ule ukali wako, bila kutoa sababu. Akikununia wewe kaka yake, yatakwisha kufikia mavuno. Akilijua hili, watakuwa wawili wa kubembelezwa, na mgongo ninao mmoja.