Ombi la Kurudishiwa Siku Nne za Fungate

Mwabungo,
27 Februari 1965

Kwa Mkuu wa Jumuiya ya Wahisani wa Ng'ambo, Kwale.

Bwana Mheshimiwa,

Pokea salamu za mke wa Mwinyihaji. Ndiye mimi! Tumeoana Ijumaa ya wiki iliyopita, na kila nikiandika hivyo kalamu yacheka. Twashukuru mmekuja kuliendeleza taifa letu changa. Hata hivyo nina malalamiko:

1. Maarusi hufungiwa ndani siku saba, wakalishwa vyakula na kupendana tu. Siku ya tatu afisa wenu alipita, akaona mlango umefungwa mchana kutwa na chakula chaingizwa na mwanamke mzee. Akaandika kuwa humu mna wagonjwa wawili wasiojiweza. Bwana, kama ule ni ugonjwa, msitutibu.

2. Siku ile ile mkaleta makopo sita ya maziwa ya unga na mablanketi mawili. Joto hili! Tena mawili, ya mtu mmoja mmoja! Somo yangu aliyenifunda, Bi Mwanamkuu, aliyapima kwa mkono akauliza kama nyinyi ni wahisani au mmetumwa na mchumba wa zamani wa mume wangu.

3. Mume wangu, kwa adabu zake, akatoka kushukuru. Akashukuru kwa Kiingereza safi, nanyi mkampakia kwenye Landrova papo hapo, awe mkalimani wa visima vya Msambweni. Tangu hapo harudi ila magharibi, kajaa vumbi hadi kope. (Lakini apendeza!)

4. Taarifa yenu yasema nyumba hii imesaidiwa. Kabla ya msaada nilikuwa na mume. Sasa nina maziwa.

Kwa hiyo naomba nirudishiwe siku zangu nne, na jumuiya iweke askari mlangoni asiruhusu maendeleo yoyote kuingia. Mkikataa nitaiandikia serikali, kwani Uhuru ni nini ikiwa mtu hawezi kujifungia na mumewe?

Nisalimie makarani wote, dereva, na bibi yako uliyemwacha kwenu. Maskini, mwandikie leo leo.

Mimi mwenye furaha isiyo kiasi,
Mwanasiti wa Mwinyihaji

Baada ya kutia sahihi: Mwinyihaji amerejea sasa hivi na habari kwamba mwatafuta mwanamke aliyesoma, aandamane naye garini kila siku kuzungumza na kina mama. Nimekubali! Askari hahitajiki tena. Jumatatu twaanzia Bodo, ambako kuna nyumba haijafunguliwa mlango siku ya pili leo, ati ni maarusi. Niachieni mimi. Nitabisha mwenyewe.