Mbwa Niliyemkana Mbele ya Shefu

Leo nimeaibika mbele ya mtaa mzima, koleo mkononi na tope hadi magotini. Naandika nikiwa nimekaa sakafuni jikoni. Kuinuka sina nguvu, na hata ningekuwa nazo nimezuiliwa. Mtaelewa mwishoni.

Wiki mbili zilizopita nilichukua mbwa. Mimi ni karani bandarini, na huyu mbwa alikuwa akipigwa mawe nyuma ya maghala, pale inapofunga gati boti ya Kigoma. Nilimfunika kitenge changu, nikamleta nyumbani kwangu Mutakura, nikampa jina Kigoma. Nilidhani mbwa aliyeokolewa hushukuru. (Nani aliniambia? Sikumbuki.) Kigoma alijificha nyuma ya gunia la makaa, akawa analia mchana na usiku. Nikimkaribia anajikunja. Nikimwita anageukia ukuta. Sijalala vizuri tangu siku hiyo, na Jumatano nilipiga mhuri wa ofisi kwenye andazi langu.

Mlinzi mmoja wa bandarini, aliyewahi kufuga mbwa, alinishauri nimpe kiatu changu kikuukuu alale nacho, azoee harufu yangu. Nikampa ndala. Kila akiishika kwa mdomo namrushia ndagala mmoja na kumsifu. Samaki alikula. Mimi hakunitazama.

Sasa, jirani yangu Mama Divine, ambaye ukuta wake ndio ukuta wangu, alichoka kabla yangu. Alikwenda kwa shefu, kiongozi wetu wa mtaa, akasema yule si mbwa wangu, ni wa barabarani tu, hata akiitwa haji. (Kweli tupu.) Shefu akasema tutaonana Jumamosi, baada ya kazi za pamoja. Mbwa mwenye mwenyewe atabaki. Asiye na mwenyewe ataondolewa. Na sote tunajua kwamba mbwa akiondolewa hapelekwi kwa shangazi yake.

Basi leo asubuhi nilimfunga Kigoma jikoni kwa kamba ya kuanikia nguo (kosa la kwanza), nikaenda na wenzangu kuzibua mtaro. Shefu alifika na viatu vya ngozi vinavyong'aa. Akavivua, akavipanga juu ya jiwe, akavaa bote za mpira. Tulichota tope jeusi kwa masaa mawili. Mgongo wangu ukaomba talaka.

Kazi ilipokwisha tulikusanyika. Shefu alikuwa ameshavua bote na kunawa miguu. Mama Divine alisema yake kwa ufupi, bila chuki, kama mtu anayetaka tu kulala. Kisha nikasimama mimi. Nilikuwa nimeandaa hotuba! Nikasema Kigoma ni mbwa msafi, mtulivu, ana adabu, na hata wakati huu yuko nyumbani amelala. Watu wakaanza kukubali kwa vichwa. Shefu akatabasamu. Ningenyamaza hapo, leo ningekuwa mtu mwenye heshima zake. Lakini nikaongeza kwamba mbwa wangu hajawahi kugusa kitu cha mtu.

Hapo hapo kitu cheusi kikapanda kutoka mtaroni. Miguu minne, tope kuanzia pua hadi mkia, kipande cha kamba kikiburuzika nyuma. Mdomoni alikuwa na kiatu cha shefu. Cha kushoto.

Shefu alikitazama kiatu, akatazama jiwe, akauliza polepole, "Hii imbwa ni ya nani?"

Watu wote wakanigeukia. Jamani, ningefanyaje? Hotuba ilikuwa bado ya moto. Nikajibu kwa sauti ya mtu asiyekosa kanisani, "Mi siijui. Yangu iko nyumbani."

Ndiyo, nilimkana. Mbwa niliyemtoa kwenye mawe kwa mikono yangu miwili.

Na Kigoma, ambaye kwa wiki mbili hakunisogelea hata hatua moja, akapita katikati ya watu. Akampita Mama Divine. Akampita shefu. Akaja moja kwa moja kwangu, akaweka kiatu juu ya miguu yangu, akakaa, akanitazama usoni huku mkia unapiga tope. Alikuwa anangoja ndagala wake.

Mtaa mzima ulicheka. Wengine walikaa chini kabisa. Mama Divine alijifuta machozi kwa kitenge. Mimi nilitafuta pa kuangalia nikakosa, nikaishia kuangalia koleo.

Shefu alisubiri watu watulie. Alikuwa amesimama peku, na sikuona kama amekasirika.

"Madamu," akasema, "imbwa inakujua. We njo hauijui."

Kisha akakata shauri. Mbwa ana mwenyewe, abaki. Mwenyewe asafishe kiatu, akirudishe kesho kabla ya ibada, na atafute mnyororo wa kweli.

Nilirudi nyumbani pamoja na Mama Divine, maana njia ni moja, na Kigoma nyuma yetu. Mlangoni kwangu Mama Divine akaniambia nilete ndoo, kwa sababu mbwa ananuka na ukuta wetu ni mmoja. Tukamwosha sisi wawili. Hakujikunja.

Sasa kiatu cha shefu kinakauka dirishani, na Kigoma amejilaza juu ya miguu yangu. Hajalia tangu turudi. Miguu imekufa ganzi, ugali sijasonga, na aibu bado ninayo, ila si ya watu tena. Naona haya mbele yake yeye, ambaye hakunikana.

Kwa hiyo wanaotaka kucheka wacheke, lakini polepole. Mbwa wangu amelala.