Sifuri Saba za Tata Floribert

Leo nimejianika mwenyewe mbele ya watengeneza mashini kumi na mmoja. Kwa hiari yangu. Na kwa kalamu nene.

Uvumilivu ulinikatika asubuhi, jikoni. Ulikatika pwaa, kama kamba ya nguo! Nilikuwa na mashini yangu ya kujaza na kufunga sashe, vile vipakiti vidogo, ile niliyonunua kwa Tata Floribert, hapa hapa Manika, Kolwezi. Mi natengeneza unga wa uji wa batoto: mahindi, soya, karanga. Unamimina unga kwenye mdomo wa mashini, ndani kuna chuma kinazunguka na kuusukuma chini, sashe inajaa, chuma cha moto kinaifunga. Mwezi wa kwanza ilifanya kazi kama malaika. Kisha ikashikwa na wazimu. Sashe ya kwanza imejaa, ya pili nusu, ya tatu kijiko kimoja. Leo imenitolea sashe ya hewa. Hewa tupu! Tena imefungwa vizuri, imenyooka, unaweza kumpelekea askofu.

Na jana tu Mama Odette, mwenye duka ninakouzia, alinirudishia kartoni nzima bila kuuza hata sashe moja.

"Mama Merveille, mi nakupenda, lakini sashe zako ziko sawa meno ya muzee. Hapa iko, pale hakuna. Kesho jioni uniletee makumi sita zenye kulingana. Ao ile nafasi yako naweka biskuti za kutoka Dilolo."

Biskuti! Nafasi ile niliitafuta mwaka mzima, nikiwa na mimba, kisha nikiwa na mtoto mgongoni. Leo niiachie biskuti?

Wiki tatu nampigia simu Tata Floribert, wiki tatu ananijibu neno lile lile: "Mama, ulifungua zile bolti ine za chini, ukasafisha? Iko kwenye karatasi ya maelezo."

Nami namjibu: "Tata, mi nilinunua mashini, sikununua kazi ya fundi!"

(Karatasi ya maelezo niliwashia mbabula ya makaa, siku ile ile ya kwanza. Ilikuwa karatasi nzuri. Ilishika moto haraka.)

Leo nikampigia. Simu imezimwa. Aha! Basi.

Nikamfunga mwanangu Merveille mgongoni, nikaita mkokoteni, tukapakia mashini. Mwenye mkokoteni akaiangalia ilivyolala chali, akauliza kwa huruma: "Mama, tunaipeleka hospitali?"

"Tunaipeleka kwa baba yake!"

Njia nzima nilikuwa napanga matusi. Yale makubwa niliyaweka mwisho.

Kufika kwenye atelye yake, pale anapotengenezea mashini, nasukuma geti, nakuta viti vya plastiki vimepangwa kama harusi. Wanaume wamevaa salopeti za kazi, safi, zimepigwa pasi. Kumbe siku hiyo watengeneza mashini za kusaga, za kujaza na za kufunga walikutana kwa Tata Floribert kulinganisha namna kila mmoja anavyofanya kazi. Walitoka Kolwezi yote, mmoja alitoka mbali, kule Kisenge. Ukutani walikuwa wamebandika karatasi kubwa yenye maswali saba. Unachukua siku ngapi mpaka kumkabidhi mteja mashini? Unamfundisha kuitumia? Ikiharibika unafika lini? Na mengine kama hayo. Kila mtu anajipa alama mwenyewe, kati ya kumi, kisha wenzake wanamwomba ushahidi, na anayefanya vizuri anawafundisha wengine.

Tata Floribert alikuwa amesimama mbele. Alikuwa amejipa tisa kila mahali. Na neno lililokuwa mdomoni mwake nilipoingia lilikuwa hili, naapa:

"Batu bangu? Hakuna mutu analalamikaka kwangu."

"MI NIKO HAPA!"

Viti vyote vikageuka. Yule aliyeongoza mkutano, tata mmoja mwenye miwani wanamwita Sekretere, badala ya kunifukuza akafurahi kama amepata mgeni wa heshima.

"Mama, karibu sana. Tulikuwa tunakosa ushahidi ya mununuzi. Kikala hapa mbele, utuambie."

Wakanipa kiti. Wakanipa soda baridi. (Hapo ndipo Mungu alinipa nafasi ya kunyamaza. Nikainywa soda, nafasi nikaiacha.)

Nikasema. Nikasema wiki tatu. Nikasema meno ya mzee. Nikatoa sashe ya hewa kwenye mkoba nikaiinua juu, nikaipitisha mkono kwa mkono waipime wenyewe. Watu wakapiga makofi. Wenzake Tata Floribert walikuwa na furaha ambayo haikuwa ya Kikristo.

"Mama, kuya kwetu Kisenge!" akapiga kelele yule wa Kisenge, mnene, mcheshi. "Kwetu hewa tunaitoaka bure, hatuifunge mu sashe!"

Nilipoona wanacheka na mimi, kichwa kikavimba. Nikachukua kalamu nene mkononi mwa Sekretere. Nikaenda ukutani. Tisa ya kwanza nikaikata, nikaandika sifuri. Ya pili, sifuri. Saba zote! Ya mwisho niliizungusha mara mbili ionekane mpaka barabarani.

Tata Floribert hakukasirika. Hilo lilipaswa kunishtua. Alijifuta mikono tu, akasema polepole: "Sawa, mama. Tufungue sasa hizi bolti ine, bote baone."

"Fungua! Bote baone!"

(Ni mimi nilisema. Mi mwenyewe.)

Akaigeuza mashini. Bolti ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Akaingiza vidole viwili, akavuta.

Soksi.

Soksi ndogo ya rangi ya waridi. Merveille mgongoni akapiga kelele ya furaha: "Soksi yangu!"

Tata Floribert akaingiza vidole tena. Kipande cha muwa kilichotafunwa. Akaingiza tena. Ufunguo wa kabati, ule uliofanya bwana yangu avunje mlango wa kabati kwa nyundo. Kila kitu anakiweka juu ya meza, kimoja kimoja, kwa heshima, kama padri anapanga altare. Yule wa Kisenge akawa anahesabu kwa sauti.

Cha nne kikatoka kirefu, kinachuruzika unga. Rozari ya mama mkwe.

Mawee, mama yangu! Rozari ile! Wiki mbili mama mkwe anasema ilipotelea kwangu, wiki mbili namwambia amesahau mwenyewe kanisani. Hatusemezani. Ujumbe wake hupitia kwa mwanawe.

"Mama," akasema Sekretere akisafisha miwani, "hii mashini ilikuwa inasali."

Bado nilikuwa na nguvu ya kujitetea. "Kuna mutu aliniingizia hii bitu!" nikasema. "Kuna adui!" Nikamshusha Merveille chini nipate mikono miwili ya kubishana.

Adui akatembea taratibu mpaka kwenye mashini, ambayo Tata Floribert alikuwa ameisimamisha tena. Akaokota kifuniko cha ile kalamu nene. Akanyoosha kidevu, akakitumbukiza mdomoni mwa mashini, kisha akaipigapiga ubavuni kama mbuzi.

"Kula, mashini ya mama. Uko na njaa? Kula."

Sauti ni yangu. Maneno ni yangu! Kila asubuhi nikimimina unga namwimbia Merveille hivyo hivyo, ili asilie.

Jamani. Wanaume kumi na mmoja walicheka mpaka viti vya plastiki vikalia. Wa Kisenge alilala chini na salopeti yake iliyopigwa pasi. Tata Floribert alikuwa amegeukia ukuta, lakini mabega yake niliyaona. Merveille alipoona watu wamefurahi, akarudi kutafuta kitu kingine cha kuilisha.

Nami nikacheka. Ungefanya nini? Nilicheka mpaka machozi yakachora njia kwenye unga uliokuwa usoni tangu asubuhi.

Nikainuka kwenda kufuta sifuri zangu. Na pale ukutani, nikiwa na kitambaa mkononi, hasira ikanirudia. Safari hii ilikuwa na akili. Nikamrudisha Merveille kwenye mashini, nikamsimamisha wima.

"Tata Floribert, angalia. Mudomo ya mashini, kidevu ya mutoto. Si biko sawasawa? Nani alipima hivi? Na ninyi bengine, nani kwenu anawekaka kifuniko?"

Wa Kisenge alikaa vizuri, akaangalia viatu vyake.

"Maswali saba! Hakuna hata moja inauliza mama anafanya kazi na nani mu jikoni."

Sekretere akavua miwani, akavaa tena. "Mama ana haki. Lakini mukutano hauwezi kuandika neno la mudomo tu. Weka malalamiko rasmi."

"Leta karatasi."

Wakati naandika, Tata Floribert alikuwa tayari anakata bati. Mashini ilioshwa, ikajaribiwa kwa unga safi: sashe kumi, mizani ikasema neno moja mara kumi. Mama Odette, hizo biskuti zirudi Dilolo. Na hii ndiyo karatasi niliyoweka, Sekretere ameipokea na kuipiga muhuri:

"Kwa watengeneza mashini kumi na mmoja waliokutana leo. Mimi, Mama Merveille, mkazi wa Manika, nalalamika rasmi kwamba mashini zenu zote zina mdomo wazi, katika kimo cha mtoto wa miaka miwili na nusu. Naomba swali la nane liongezwe ukutani, na kifuniko chenye kufungwa kwa kila mashini, kuanzia yangu, leo, kabla sijaondoka. Sifuri sita nimezifuta. Moja nimeiacha mpaka kifuniko kiwe tayari. Nakiri kwamba bolti nne za chini sikuzifungua hata siku moja.

Nakala: Mama mkwe, pamoja na rozari yake. Naomba asicheke."