Kilima Kisichokuwemo Kwenye Ramani

Jumatatu, 3 Juni

Baiskeli kumi na nne leo. Nimezihesabu kwa darubini, nikiwa barazani. Zote zimepita bondeni. Hakuna mwendeshaji hata mmoja aliyeinua macho kutazama huku juu.

Mkahawa wangu una miezi miwili sasa. Meza tatu, viti kumi na viwili, na kibao nilichokipaka rangi kwa mkono wangu: PUMZIKO LA WAENDESHA BAISKELI. Niliufungua hapa kilimani kwa sababu mtu yeyote mwenye akili timamu angejua njia mpya ya baiskeli itapita juu, penye mandhari. Halmashauri haina mtu wa namna hiyo. Wameipitisha chini, juu ya tuta la reli ya zamani, ubavuni mwa mto. Tambarare kama meza. Haina gari, haina pikipiki, haina kilima. Eti ndivyo watu wanavyopenda!

Na pale darajani yuko nani? Shemeji. Kaka yake mke wangu. Mtu ambaye hajawahi kupanga jambo lolote tangu azaliwe. Aliishi pale miaka yote, njia ikamfuata. Ana benchi moja, birika moja, sufuria ya mayai. Watu wanapanga foleni.

Leo mke wangu amesema, bila kuinua uso kwenye cherehani, kwamba ikifika Jumapili viti havijakaliwa, anachukua chumba chake. Ni kweli, kabla sijakigeuza mkahawa kilikuwa chumba chake cha kushonea. Sasa anashonea jikoni, na sare za shule zinanukia vitunguu. Nimemwambia biashara ni subira. Akasema subira yake ilikwisha zamani, hii anayoitumia ni ya kuazima.

Nina wazo.

Jumanne, 4 Juni

Nimeamka alfajiri. Nimemwambia mke wangu nakwenda kufanya mazoezi. Akasema hongera, kwa sauti ya mtu anayetoa pole.

Pale njia panda kuna nguzo moja, na kwenye nguzo mshale mmoja, na mshale umeshikwa kwa bolti moja. Moja! Halmashauri wanajitakia wenyewe. Njia ya kulia inafuata mto. Ya katikati inapanda huku kwangu kisha inateremka hadi darajani. Ya kushoto ni ya ng'ombe, inaishia kwenye kinamasi. Nimelegeza, nimegeuza mshale ukatazama katikati, nimekaza. Nimekaza mno, hadi mkono ukaniuma. Mimi si mtu wa kazi nusu nusu.

Saa tatu mteja wa kwanza akafika! Mwembamba, uso mwekundu kama pilipili, kaptula imembana kama ngozi. Nikamkaribisha kwa mikono miwili. Akapita katikati ya viti vyangu vyote kumi na viwili akajilaza sakafuni. Alilala pale nusu saa. Nilipomsomea orodha ya vyakula alifumba macho. Aliomba maji. Akasema ramani yake haina kilima hiki. Nikamwambia ramani nyingi ni za zamani.

Kisha akapanda baiskeli, akaachia breki, akapotea.

Hakukalia kiti. Sakafu haihesabiki, mke wangu ameshatoa hukumu.

Jumatano, 5 Juni

Saba kwa mpigo! Nilisikia pumzi zao kabla sijawaona. Walikuja wakisukuma baiskeli, vichwa chini, kama watu wanaotoka kuzika. Mmoja analia. Mwingine aliomba ndoo, na hakuwa akitaka kunawa.

Nimejifunza jambo ambalo hakuna mwenye mkahawa aliyewahi kuniambia: mtu aliyepanda kilima hawezi kumeza. Nilipitisha mayai, wakageuza nyuso. Nilipitisha mkate, yule wa ndoo akairudia ndoo.

Lakini kutoka kwangu hadi darajani ni mteremko wa dakika nne. Hawakanyagi hata pedali. Upepo unawapiga usoni, jasho linakauka, tumbo linazinduka. Wakifika kwa Shemeji wana njaa ya simba. Niliona yote kwa darubini. Mmoja alikula mayai matano! Yule aliyekuwa akilia alikuwa akicheka na mdomo umejaa.

Yaani mimi nawachemsha, yeye anawapakua.

Saa saba Shemeji akatuma ujumbe. Mayai yamemwishia, hajui baraka hii imetoka wapi, je, ninayo ya kumkopesha? Kabla sijajibu mke wangu alikuwa ameshabeba trei zangu tatu. Alisema huku hayana kazi, yatazeeka bure.

Alhamisi, 6 Juni

Dawa ya moto ni moto. Nimeweka ubao upande wa mteremko: NJIA IMEFUNGWA. Sasa watabaki kwangu, watapumzika, njaa itawakuta hapa hapa.

Walikuja watano. Wakausoma ubao. Wakatukana, kwa adabu, maana ni watu wa ofisini. Kisha wakageuza baiskeli, wakateremka walikotoka, wakashika njia ya mto, wakafika darajani. Kila kitu katika nchi hii kinateremka kwa Shemeji! Maji, mawe, wateja!

Jioni mke wangu karudi kutoka kwa kaka yake na habari. Malalamiko yamefika halmashauri. Barua tisa, zote kuhusu kilima kisichokuwemo kwenye ramani. Jumamosi Bwana Ramani mwenyewe, yule afisa aliyeichora njia hii, ataiendesha mwanzo hadi mwisho. Ataongozana na mwenyekiti wa chama cha waendesha baiskeli, mwalimu mkuu mstaafu ambaye kila mtu anamwita Mama Filimbi. Wakiona njia ni mbovu, wanaifuta. Benchi la Shemeji litabaki la kukalia kunguru, na viti vyangu vivyo hivyo.

Mke wangu akauliza mazoezi yangu ya alfajiri huwa nayafanyia wapi hasa.

Nikasema sehemu mbalimbali.

Ijumaa, 7 Juni

Nimerudi njia panda na spana. Bolti haitaki. Ile nguvu niliyoikaza nayo Jumanne imenigeuka! Spana inateleza, nati imekwisha kuwa duara kama sarafu. Nilivuta, nikaning'inia, nikaomba.

Ndipo Shemeji akatokea, anasukuma mkokoteni wa maji. Akasimama, akashika kifua. Akasema hakujua kwamba mimi ndiye ninayejitolea kukarabati vibao vya njia. Akasema dada yake ameolewa na mtu. Nilitamani ardhi ipasuke. Badala yake nguzo ndiyo iliyoachia, maana Shemeji alikuja kunisaidia kuvuta, na yeye ana mikono kama jeki ya lori. Nguzo nzima ikang'oka.

Akasema tutoe taarifa halmashauri. Nikasema la, hasha, kwa nini tuwasumbue watu, tuisimike wenyewe. Tukachimba. Yeye muda wote anazungumza: mayai, wageni, namna anavyotaka kumnunulia dada yake cherehani ya umeme. Sikuweza kufikiri. Nilisimama upande wa pili wa nguzo, nikaelekeza mshale kulia, tukashindilia mawe hadi ikawa kama imeota pale.

Nalala na dhamiri safi. Kesho watashika njia ya mto, watafurahi, yataisha.

Jumamosi, 8 Juni

Asubuhi shwari. Hakuna aliyepanda huku. Nikajipongeza.

Saa tano Shemeji akapiga simu. Wakaguzi walitakiwa kufika darajani saa nne. Je, wamepita kwangu? Nikasema hapana. Ndipo nikakumbuka. Nilikuwa nimesimama upande wa pili wa nguzo. Kulia kwangu kulikuwa kushoto kwao.

Kinamasi!

Nilichukua baiskeli ya mke wangu, ile yenye kikapu, nikateremka bila kugusa breki. Filimbi niliisikia kabla sijafika. Mama Filimbi alikuwa amesimama juu ya kichuguu, amezungukwa na ng'ombe ishirini, anapuliza kama refa wa fainali. Bwana Ramani alikuwa ndani ya tope hadi mapajani, ameshikilia ramani juu ya kichwa isilowe. Baiskeli zao zilionekana pembe tu za usukani.

Nilifanya ushujaa, lazima niliandike hilo. Nilijitosa, nikamkamata Bwana Ramani kwapani, nikamvuta. Alitoka bila kiatu kimoja. Mimi nilitoka bila vyote viwili. Akanishukuru huku akitetemeka. Akaniita raia mwema.

Mama Filimbi akateremka kichuguuni. Akauliza ni nani aliyegeuza kile kibao.

Nikasema ng'ombe. Wanajikuna kwenye nguzo. Tatizo kubwa, hilo la ng'ombe.

Bwana Ramani akatoa daftari lililolowa aandike. Tungeishia hapo. Lakini Shemeji naye alikuwa amefika, anahema, na chupa ya chai mkononi.

"Nguzo ya njia panda?" akasema. "Shemeji, si ile tuliyoisimika jana mimi na wewe?"

Hakusema kwa ubaya. Hana ubaya. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Mama Filimbi akanitazama kama alivyowatazama watoto kwa miaka thelathini na tano.

"Mwanangu," akasema, "anza mwanzo. Usiruke kitu."

Nilieleza yote. Bolti, kilima, ndoo, ubao wa njia kufungwa. Nilipofika kwenye mayai Shemeji alikaa chini. Sikuweza kumtazama. Akasema taratibu, "Kumbe ile baraka ni wewe." Heri angenipiga.

Bwana Ramani alitaka kuita polisi. Mama Filimbi akasema polisi hawafundishi. Akatoa hukumu: niziopoe baiskeli zao topeni, kisha niendeshe nao njia yote ya bonde, kilomita ishirini na sita, peku, ili nione nilichowaibia watu.

Basi nikaiona. Miezi miwili naitazama kwa darubini, sijawahi kuishika. Mto unakwenda nawe bega kwa bega. Vilima vinakaa pembeni, mbali, vinapendeza, havikuombi kitu. Hakuna honi, hakuna moshi, unasikia mnyororo wako na ndege basi. Mzee mmoja alitupita akiimba. Kwa muda wa dakika kumi hivi sikuwa na wazo lolote kichwani. Haijawahi kunitokea.

Darajani mke wangu alikuwa akitusubiri. Alikuwa ameshaambiwa. Hakunigombeza. Alimtazama Bwana Ramani akitembea miguu imeachana kama bangili iliyokatika, akamuuliza kwa huruma kama kiti cha baiskeli kinamuumiza. Akasema yuko radhi kumshonea kaptula yenye mto wa kukalia.

Njia imepitishwa. Vibao vitakuwa vya chuma, vitamwagiwa zege.

Jumapili, 9 Juni

Viti viko barazani, vimepangwa juu ya vingine. Cherehani imerudi dirishani. Nilisaidia kuibeba.

Mama Filimbi amekuja baada ya saa sita kuagiza kaptula za mto arobaini, za chama kizima. Alikalia kiti changu kimoja. Nilimwonyesha mke wangu, kwamba kiti kimekaliwa, na Jumapili haijaisha! Akanitaka nishike ncha ya futi.

Amepima hadi jioni. Anaimba akiwa anakata kitambaa. Nilikuwa nimesahau kwamba huwa anaimba. Shemeji ameleta trei zangu tatu, zimejaa, na ya nne juu yake. Nimemwomba radhi. Akasema yamepita, tuendelee. Watu wa aina hii hawakuachii hata pa kushika!

Nimeapa mbele yao wote wawili: basi. Sitagusa njia ya watu tena.

Jumanne, 11 Juni

Kuna jambo sikuliandika Jumamosi. Baada ya kilomita ya kumi na nne njia inaingia kwenye handaki la reli, refu kama mita mia tatu, limepinda katikati, giza totoro. Watu wanapita kwa raha kwa sababu ya taa nne tu darini. Nne! Na dari ni fupi. Na balbu ni kitu kinachozungushwa kwa vidole. Hiyo si njia, ni balbu. Niliapa kuhusu njia.

Mtu akisimama mlangoni mwa handaki na tochi za kukodisha, atakuwa anatoa huduma.

Mke wangu ameuliza naandika nini kwa bidii hivi. Nimemwambia barua ya kuiomba radhi halmashauri. Na si uongo, nimeshaandika tarehe. Nitaimalizia tochi zikifika.