Nusu Nauli ya Wazee

Jumatatu, 3 Juni
Jirani yetu mstaafu amerudi kutoka baharini kwa treni. Kalipa nusu nauli, kama mzee. Anasema aliamka akaiona bahari dirishani, imetulia, kama ilikuwa inamngoja yeye. Mke wangu alisikiliza hadi maji ya vyombo yakapoa. Nimemwahidi safari hiyo tangu tufunge ndoa. Akiba yangu inatosha tiketi moja kamili na nusu yake. Uzee wa treni unaanza miaka sitini. Mimi hamsini na tatu. Tofauti ndogo kwa mtu mwenye mpangilio.

Jumanne, 4 Juni
Mazoezi. Kuinama, kukohoa, kushika kiuno. Poda kichwani. Mke wangu akauliza kama nimepata kazi kwenye mashine ya kusaga unga. Nikamwomba azeeke yeye. Akasema nizeeke peke yangu. Mchana nikasinzia kitini: behewa linayumba taratibu, mashamba yanapita, kichwa chake kiko begani mwangu.

Jumatano, 5 Juni
Stesheni. Ukumbi wa baridi, njiwa juu darini, mwanga ukishuka polepole. Nusura nisahau kuinama. Mkata tiketi huona haya kuwadai wazee kitambulisho. Akaniita babu, akauliza umri. Sabini, nikasema. Akashika muhuri. Mara akatokea mkuu wa stesheni, kichwa mvi tupu. Mdomo ukaitangulia akili: nikamwamkia shikamoo, mgongo wima. Akaitikia, marahaba mwanangu. Kisha akanitazama vizuri. Akasema yeye ana hamsini na tisa, na hajawahi kuamkiwa na babu yake. Foleni nzima ikacheka. Nikanunua tiketi moja, kamili, ya mke wangu.

Alhamisi, 6 Juni
Nimemsimulia yote. Alicheka hadi akakalia sanduku. Kisha akauliza nani atakaa pembeni yake. Nikalifunga sanduku.

Ijumaa, 7 Juni
Treni imeondoka naye. Alipunga mkono hadi dirisha likawa doa. Nikabaki nimesimama, reli zikiimba chini kwa chini. Nyuma yangu, ukutani, tangazo: wanafunzi nusu nauli. Umri haukutajwa. Nusu ninayo mfukoni. Nimepita kwa kinyozi, ndevu zimeondoka. Kaptura nitaazima kwa mtoto wa shemeji. Safari hii nitamwamkia kila mtu.